Maneno Ambayo Sikuyapeleka Chuoni

Sijawahi kumwomba radhi msimamizi wangu wa chuo, na sasa kwa kuwa tumemzika Mama Sabina naona sitamwomba kabisa. Siku ya matanga nilikuwa nimeketi mkekani nyumbani kwake Manyoni, mkoani Singida, nikichambua mchele na wanawake wenzangu, huku nyuma yetu vijana wawili waliosoma wakizungumza mambo ya kazi zao. Mmoja alikuwa akimweleza mwenzake kwamba siku hizi mtafiti wa lugha hahitaji tena kuzunguka vijijini na kinasa sauti. Watu wanaandika wenyewe mtandaoni, wanabishana, wanataniana, wanaliliana, na mtafiti anazoa tu. Mwenzake akamuuliza kama anaomba ruhusa. Akajibu kwamba ruhusa ya nini wakati kila kitu kiko wazi. Niliinamia sinia langu nikatafuta mawe ambayo hayakuwamo, maana ningeinua uso ningemjibu vibaya kwenye msiba wa watu. Maneno yale yale niliyasikia kwenye simu nilipokuwa msichana, katika chumba kilichokuwa mwendo mfupi kutoka mkeka ule. Habari za ukoo wangu na za utoto wangu siziandiki hapa, hazihusiki na kesi hii. Kesi yenyewe ni ya mwaka mmoja tu.

Ulikuwa mwaka wa kuuzwa vitu. Neno ubinafsishaji lilikuwa redioni asubuhi na jioni, watu wazima walikuwa wakirudishwa nyumbani kutoka kwenye mashirika wakiwa bado na nguvu zao, na kampuni mpya za simu zilikuwa zikisimika minara vilimani kama watu wanaoshindana. Dada Zuhura, mzaliwa wa Kondoa, alikuwa mpiga chapa katika shirika moja lililofungwa. Wenzake walikaa wakisubiri lifunguliwe tena. Yeye akafungua duka. Mbele aliuza mafuta ya alizeti, betri na daftari. Nyuma, kwenye chumba alichokitenga kwa pazia, aliweka kompyuta tatu zilizokuja kwa basi kutoka Dar zimeviringishwa mablanketi kama wagonjwa. Alizifunika vitambaa alivyodarizi mwenyewe, na ilikuwa lazima kuvua viatu kabla ya kuingia, awe mwalimu mkuu au mchunga ng'ombe. Laini ya simu ilikuwa moja. Mtu akipiga simu dukani, intaneti inakatika, na wote waliomo chumbani wanapiga kelele ya kukata tamaa kwa pamoja. Zuhura alikuwa anapokea simu hiyo kwa adabu zote, akishaiweka chini anamtukana aliyepiga.

Watu hawakuja pale kutafuta elimu wala biashara. Walikuja Kibarazani. Hilo lilikuwa jina la jukwaa la mazungumzo lililoanzishwa na kijana wa Manyoni aliyekuwa anaishi Ulaya, na ndani yake walikuwamo watoto wa Manyoni na Itigi waliotawanyika kila mahali, pamoja na wazee waliohamia kwa watoto wao. Walibishana kuhusu mvua, mpira, mahari, nani alifelisha nani shule ya msingi. Sisi tuliobaki nyumbani tuliandika kwa jina moja, Duka la Nyuma, kwa sababu saa moja ya kompyuta walichangia watu sita au saba, na hakuna aliyeona haja ya kila mmoja kuwa na jina lake wakati wote wako chumba kimoja. Sheria ya Kibarazani ilikuwa salamu. Ukiingia unasalimia, wakubwa kwanza, unasema wewe mtoto wa nani, ndipo unachangia. Asiyesalimia hajibiwi. Anaweza kuandika hoja ya dhahabu na watu wakapita juu yake wakaendelea na habari za mvua, kama vile hajafika. Vijana wa mijini walilalamika kwamba nusu ya ukurasa ni shikamoo na marahaba, lakini walitii.

Mimi nilifika pale nikiwa mwanafunzi wa shahada ya pili ya lugha. Lazima niseme wazi jinsi nilivyoitaka shahada hiyo, maana bila hilo hamtaelewa nilichokitupa. Chuoni bwenini walinicheka kwa Kiswahili changu cha bara. Nikifungua kinywa, wasichana waliokulia pwani waliniomba nirudie sentensi ili wafurahi. Msimamizi wangu hakucheka. Aliniita ofisini akaniambia kwamba vitabu vyote vya lugha vimejaa Kiswahili cha pwani, kwamba watu wa Singida wanaongea Kiswahili kilichokaa na Kinyaturu, Kinyiramba na Kigogo nyumba moja, na hakuna anayekiandika kama kinavyosemwa. Sasa kwa mara ya kwanza watu hao wanakiandika wenyewe, mtandaoni, bila mtu kuwashikia kipaza sauti. Alisema nikikaa mwaka mmoja Manyoni na kukusanya mazungumzo ya Kibarazani, hakuna atakayewacheka tena watu wa kwetu. Nilitoka ofisini kwake najiona nimeota mabawa. Alikuwa mtu mwema, sitaki mtu amsome hapa akamwona shetani. Nilipomweleza kwamba Duka la Nyuma si mtu mmoja bali ni ukoo mzima wa majirani, alicheka mpaka akavua miwani, akarekebisha jedwali lake la wazungumzaji siku hiyo hiyo.

Basi niliingia Kibarazani, nikasalimia, nikasema mimi ni Paulina, nimetumwa na chuo kusoma jinsi tunavyozungumza, naomba ruhusa. Walijadili kwa wiki kadhaa. Wengine walifurahi, wakaanza kuandika kwa mbwembwe. Mstaafu mmoja wa reli kutoka Itigi, aliyekuwa akiishi kwa mwanawe Morogoro, ndiye aliyetoa neno la mwisho. Alisema mimi nimeshasalimia, sina tatizo, lakini aliyenituma anasoma na yeye hajapiga hodi. Aje asalimie, aseme ametoka wapi, halafu achukue anachotaka. Nilipolipeleka neno hilo kwa msimamizi, alikataa kwa upole. Alisema akionekana, watu wataanza kuongea Kiswahili cha taarifa ya habari na kazi yote itaharibika. Alikuwa na haki kiasi fulani, nami nilijua. Niliwaambia wenzangu Kibarazani kwamba mwalimu ana shughuli nyingi ila anawaheshimu. Mstaafu wa Itigi akaandika, "Sawa, tutamsubiri," na mambo yakaendelea.

Nilipanga chumba kwa Mama Sabina. Alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa Sepuka aliyeolewa Manyoni na kufiwa na mume, akijitafutia kwa kuuza kuku wa kuchemsha stesheni treni zinapopita. Jikoni kwake nilikula ugali wa mtama na mlenda mpaka mwili ukakumbuka nyumbani. Ukuta kati ya chumba changu na chake haukufika juu, kwa hiyo nilimsikia kila alfajiri. Kwa wateja na wapangaji alisema Kiswahili. Kwa kuku wake, kwa Mungu, na kwa mwanawe Emanuel alisema Kinyaturu. Bintiye Sabina alikuwa ameolewa Tabora. Emanuel alikuwa amekwenda kutafuta kazi kwenye mgodi wa dhahabu, huko ambako vijana wote wa mwaka ule walikuwa wakikimbilia, na alimwandikia mama yake kupitia Kibarazani. Ujumbe ukifika, Zuhura alituma mtu stesheni kumwita mama, naye alikuja akinuka moshi wa kuni, akavua kandambili mlangoni na kumwamuru Zuhura asome polepole. Emanuel alikuwa na utani. Aliwahi kumwambia mama yake hadharani, mbele ya Manyoni yote iliyotawanyika duniani, kwamba kuku wa huko alikokwenda hawana shule kama wa kwake. Mama Sabina aliinukuu hiyo kwa wateja kwa muda mrefu.

Emanuel alikufa kwa homa masika yalipokuwa yamekata barabara. Mama yake alisafiri kwa treni, kwa lori na kwa miguu, akakuta kaburi limekwisha kufukiwa. Aliporudi hakulia. Alipika kuku, akaenda stesheni, akauza. Majirani walikuwa na roho juu, maana walimwona anatembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kibarazani watu walikuwa wameshapata habari, wakawa wanaandika pole kutoka kila pembe, waliosoma na Emanuel, waliocheza naye mpira, hata vijana aliokuwa amegombana nao. Zuhura akatuma mtu kumwita.

Alikuja na wanawake wanne. Walivua viatu. Hakuketi kwenye kiti. Alitandika kanga sakafuni akakaa kama tukaavyo msibani, na wenzake wakamzunguka, hivyo chumba cha kompyuta kikawa nyumba ya matanga. Zuhura alisoma pole moja baada ya nyingine, na baada ya kila moja Mama Sabina alijibu "Asante, mwanangu," au "Asante, kaka," kulingana na aliyeandika, naye Zuhura akaandika jibu hilo hilo. Zilipokwisha, Mama Sabina alisema na yeye ana la kusema. Alianza kwa Kiswahili, akiwashukuru wote kwa heshima. Halafu, katikati ya sentensi, aliacha kuongea na sisi akaanza kuongea na Emanuel, kwa Kinyaturu. Zuhura hakukijua Kinyaturu, mimi nilikijua tangu utoto. Alinyanyuka, akanisukuma kitini bila kusema kitu. Niliandika. Sikumwangalia, nilitazama vidole vyangu tu, na machozi yalidondoka juu ya vibonye nikawa nayafuta kwa kitambaa cha Zuhura alichokidarizi. Alipomaliza aliinama hapo sakafuni akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu kurudi. Wanawake walimshika. Nikabofya, maneno yakaenda. Kibarazani hakuna aliyeandika kitu kingine siku ile wala kesho yake.

Siku chache baadaye simu ya dukani ililia, intaneti ikakatika, chumba kikapiga kelele. Alikuwa msimamizi wangu. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo alijitahidi kuibana, namsifu kwa kujitahidi. Alisema ameusoma ujumbe wa yule mama. Alisema hakuna mahali popote alipowahi kuona jambo lile likitokea wazi namna ile, mtu anaanza na lugha ya wote, na uchungu unapomzidi anavuka kwenda kwenye lugha aliyozaliwa nayo, na unaona kabisa mahali alipovukia. Alisema hiyo ndiyo sura kuu ya tasnifu yangu, kwamba nyingine zote zitaizunguka hiyo. Kinyaturu hakukijua, kwa hiyo nimtafsirie neno kwa neno na kumletea. Jina la mama tutalificha. Nilimwambia nitamwomba kwanza mwenyewe. Akasema sawa, ila nisisahau kwamba kitu kimebandikwa mahali pa wazi, hata mpita njia anakisoma.

Sitajifanya kwamba sikutamani. Nilitembea kutoka dukani nikiwaza wale wasichana wa bwenini wakiisoma sura hiyo. Niliona jina langu kwenye jalada. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba Mama Sabina angekubali, kwa sababu alinipenda, na kwa sababu nilijua namna ya kumwomba. Nilimkuta jikoni akinyonyoa kuku. Nilikaa kwenye kigoda nikashika kuku wa pili, nikamweleza yote tukifanya kazi, kuhusu chuo, kuhusu Kiswahili chetu kudharauliwa, kuhusu jinsi maneno yake yatakavyowafundisha watu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Huyo mwalimu wako, aliposoma, aliandika pole?"

Nilisema hapana. Nilieleza kwamba hawezi kuandika, kwamba kazi yake inamtaka asionekane. Nilijisikia naeleza, na kila neno lililotoka kinywani lilinitia aibu kwa niaba yake. Mama Sabina alitumbukiza kuku kwenye maji ya moto akamgeuza.

"Basi hakuwapo," alisema. "Mimi nilikuwa naongea na mwanangu mbele ya waliokuja kunipa pole. Yeye alikuwa nyuma ya ukuta. Mwambie achukue ya mvua, achukue ya mpira, hata ya kuku wangu namwachia. Hilo asiliguse."

Nilimkumbusha kwamba jina litafichwa. Hapo ndipo alipokasirika, na sijawahi kumwona amekasirika vile kabla wala baada. Aliuliza kwa nini mtu afiche jina la Emanuel. Alisema alilitaja mbele za watu kwa sababu hakupata nafasi ya kulitaja mazikoni, na sasa mtu anataka kubakiza kilio na kumtoa mtoto.

Nilirudi dukani nikampigia msimamizi. Nilimwomba jambo dogo, aingie Kibarazani, asalimie, aandike pole, maneno mawili tu, na baada ya hapo mimi mwenyewe ningerudi kumpigia mama magoti. Akasema akiandika pole sasa itakuwa anainunua sura ya kitabu, na yeye si mtu wa namna hiyo. Mpaka leo naona jibu hilo lilikuwa la kiungwana. Lakini baada ya uungwana huo alisema nitafsiri hivyo hivyo, kwamba mama mwenye msiba si mtu wa kuulizwa mambo ya kitaaluma, na kwamba kila kitu kiko wazi. Nilimwambia sitatafsiri. Alisema nifikiri vizuri kuhusu mustakabali wangu. Nikamwambia nimekwisha fikiri, nikakata simu, nikamwomba Zuhura maji ya kunywa.

Zuhura ndiye aliyepewa na yule kijana wa Ulaya mamlaka ya kusimamia jukwaa. Mama Sabina alikuja, akavua kandambili, safari hii akaketi kwenye kiti. Alimtaka Zuhura aufute ujumbe. Zuhura alimuuliza mara mbili, akimweleza kwamba ukifutwa haurudi. Mama Sabina akasema waliokuwapo walisikia, inatosha. Ukafutwa. Pole za watu zilibaki, na asante zake zikabaki chini yake. Nami nilifuta nakala yangu mbele yake, na karatasi niliyochapisha nikaipeleka jikoni kwake, tukawashia moto wa jioni. Alinipikia kuku mzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mpangaji.

Dar nilikwenda na tasnifu yenye habari za mvua, mpira na mahari, na salamu zote nikiwa nimeziacha ndani, kila shikamoo na kila marahaba. Msimamizi alinikabili mbele ya wenzake wawili akauliza sura kuu iko wapi. Nilisema haipo. Akasema nimeharibu data, maana yeye hakuwa ameweka nakala. Nikajibu kwamba ile haikuwa data, ulikuwa msiba, na msiba umekwisha. Mmoja wa wale wawili aliniangalia kwa huruma nikamchukia. Walinipa nafasi ya kurudia kwa sharti la kuileta sura hiyo, hata kwa kumbukumbu. Kwa kumbukumbu ningeweza, na hilo walilijua. Nilikusanya karatasi zangu nikaaga kila mmoja kwa cheo chake, nikaondoka. Wenzangu wa darasa lile sasa wanaitwa madaktari na maprofesa. Mimi niliishia kufundisha sekondari, naitwa Mwalimu Paulina, na wanafunzi wangu wa Singida hakuna hata mmoja niliyemwacha acheke Kiswahili cha mwenzake. Iliniuma. Kuna miaka iliniuma sana, hasa nilipokuwa nasahihisha madaftari kwa taa ya chemli huku nikisikia redioni mtu niliyemzidi darasani akiitwa mtaalamu. Lakini kuuma na kujuta ni vitu viwili, na mimi sikujuta hata siku moja.

Kibarazani kwenyewe hakupo tena. Siku moja ukurasa haukufunguka, na haukufunguka tena, na watu wakahamia kwenye simu zao. Duka la Zuhura linauza vioo sasa, naye alirudi kwao Kondoa. Kwa hiyo baada ya kuzika, Sabina aliponivuta kando, chumbani kwa mama yake, nilijua atauliza nini kabla hajafungua kinywa. Ni mama mtu mzima sasa, mrefu kama mama yake. Alisema mama aliwahi kumwambia kwamba kuna siku aliongea na Emanuel, mbele ya watu, na yeye Sabina alikuwa Tabora na hakusikia. Alisema mama hakutaka kamwe kurudia, alimwambia tu kwamba Paulina ndiye aliyeandika.

"Bado unayo?" aliuliza.

Nilimwambia nilichoma. Akafumba macho. Ndipo nikamwambia asogee, nikamshika mikono, nikamwambia sikioni kwa Kinyaturu, kuanzia pale mama yake alipovuka mpaka mwisho, bila kuruka neno, kwa sauti ile ile ya chini niliyokuwa nikiisikia juu ya ukuta kila alfajiri. Nilikuwa nimeyabeba maneno hayo tangu usichana wangu na sikuwahi kuyatamka kwa mtu. Sabina alilia kwa sauti kama alivyolia mama yake kwenye sakafu ya chumba cha kompyuta, na wanawake wakaja kutoka uani wakamshika. Mimi nikampa pole.

Alipotulia aliuliza kama sasa nitayaandika. Nilimwambia kwamba nitauandika mwaka ule, lakini hayo sitayaandika, na sijayaandika. Kama umesoma mpaka hapa ukiyasubiri, njoo Manyoni. Piga hodi, salimia, sema wewe ni mtoto wa nani, umpe Sabina pole ya mama yake na ya kaka yake Emanuel. Halafu umwombe yeye.